Mkeka Ndio Chuo cha Kwanza



Katika nyumba yenye mtoto mchanga, maswali ya wageni hufuatana na miezi. Mtoto akitimu miezi mitatu, mamake huulizwa kama shingo ishakaza. Akitimu sita, huulizwa kama ashakaa kitako. Akikaribia mwaka, jirani, shangazi na mavyaa wote huuliza, wengine kwa ulimi na wengine kwa jicho: "Mbona bado hajasimama dede?" Maswali haya hutoka katika mapenzi, wala si vibaya kuulizana hali. Lakini mara nyingi humsukuma mama upande mmoja kati ya pande mbili. Ama huingiwa na haraka, akamnunulia mtoto kigari cha magurudumu ili awahi kutembea kabla ya mwana wa jirani. Ama huambiwa, "Mwache, babake naye alichelewa," akangoja miezi ambayo haikufaa kungojwa.

Wahenga walitupa methali mbili kuhusu jambo hili, na kila moja yaizuia nyenziwe isipindukie. Haraka haraka haina baraka; na ngoja ngoja huumiza matumbo. Makala ya leo yakusudia kuonyesha njia ipitayo kati ya methali hizo mbili. Kwa ufupi, viungo vya mtoto katika mwaka wa kwanza vyahitaji mahali salama pa kujaribia nguvu zake, mikono ya watu wampendao, chakula kifaacho, na muda. Mzazi naye ahitaji kujua muda huo wafika wapi, na ni lini subira hugeuka kuwa uzembe.

Mwaka usio na mfano

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha karibu kilo 6 anapokaribia miezi mitano, na karibu kilo 9 anapotimiza mwaka. Urefu wake, ambao siku ya kuzaliwa ulikuwa karibu sentimita 50, huwa karibu 75. Hakuna mwaka mwingine baada ya kuzaliwa ambao mwili wake utakua kwa kasi hiyo.

Nguvu nazo zina njia yake. Hushuka kutoka kichwani kwenda miguuni: hukaza shingo kwanza, kisha mabega, kisha mgongo, kisha nyonga, na mwisho miguu. Tena hutoka katikati ya mwili kwenda nje: bega humtii mtoto kabla ya kiganja, na kiganja kabla ya ncha za vidole. Ndiyo maana mtoto wa miezi minne hukikumba kitu kwa mkono mzima, ilhali wa miezi kumi huiokota punje ya wali kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kila kituo hujengwa juu ya kile kilichotangulia. Mtoto ambaye mgongo wake haujakaza hatanufaika kwa kusimamishwa kwa nguvu, kama vile ghorofa ya pili isivyoweza kutangulia ya kwanza.

Wazee wetu walilitazama jambo hili kwa makini, na ushahidi umo katika lugha waliyotuachia. Kiswahili kina jina kwa kila kituo cha safari hii: kulala chali, kulala kifudifudi, kukaa kitako, kutambaa, kusimama dede, kwenda tata. Asimamaye dede ni yule ambaye bado ayumba, hana hakika na miguu yake. Aendaye tata ni yule apigaye hatua za mwanzo mikono ikiwa juu. Watu hawaundi neno kwa jambo wasilolijali.

Somo kutoka Bonde la Ufa

Zamani wataalamu wa ng'ambo walikuwa wakisema kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kwa sababu ya maumbile yao tu. Mwaka 1976 mtafiti wa Kimarekani, Charles Super, alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya hapa hapa Kenya, katika jamii ya Wakipsigis wa Kokwet. Aliona kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini aliona na jambo la pili: akina mama wa Kokwet walikuwa wakiwafunza watoto wao kukaa na kutembea kwa makusudi, na lugha yao ilikuwa na maneno maalumu ya mafunzo hayo. Katika mambo ambayo watoto hawakufunzwa, kama vile kutambaa, hawakuwatangulia wenzao wa Marekani.

Maana yake ni wazi. Mwili wa mtoto hujifunza kile unachopewa nafasi ya kukifanya. Na kama ni hivyo, basi unaponyimwa nafasi pia huonyesha. Leo familia nyingi za Mombasa, Malindi na Kilifi zaishi katika vyumba vya ghorofani visivyo na ua wala baraza. Mtoto hutolewa kitandani akatiwa kwenye kiti, akatolewa kitini akatiwa mapajani, na akilia huwekewa simu mbele ya macho. Siku yapita hajagusa sakafu. Mtoto huyo ana wa kumpenda, lakini hana mahali pa kujaribia nguvu zake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, lilishauri achezeshwe mara kadhaa kwa siku, hasa sakafuni. Ambaye bado hajaanza kujisogeza alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya dakika 30 kwa siku, zikigawanywa kidogo kidogo. Asifungwe kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Na asiwekwe kabisa mbele ya runinga au simu. Ukiyatazama vyema, mashauri haya hayahitaji pesa. Yahitaji mkeka, na mtu wa kukaa juu yake pamoja na mtoto.

Tangu arobaini hadi mwezi wa tatu

Katika miezi hii kazi ya mtoto ni shingo. Kanuni ni moja, nayo ni rahisi kukumbuka: chali kwa kulala, kifudifudi kwa kucheza. Usingizini, mchana na usiku, mtoto alazwe chali juu ya godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi mazito. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kutoa ushauri huu mwaka 1992, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua nchini humo kwa takriban nusu. Akiwa macho, na mtu mzima yuko naye, ageuzwe alale kifudifudi.

Anza tangu siku za mwanzo, dakika mbili au tatu kwa wakati, baada ya kumbadilisha nepi wala si mara tu baada ya kunyonya. Watoto wengi huichukia hali hii mwanzoni, wakalia. Usikate tamaa. Jilaze chali wewe mwenyewe, umweke juu ya kifua chako; atajitahidi kuinua kichwa ili auone uso wako, na uso huo una thamani kwake kuliko mchezo wowote wa dukani. Baadaye mhamishie mkekani, ukunje leso uiweke chini ya kifua chake, ulale mbele yake mtazamane.

Kumkanda mtoto kwa mafuta ya nazi ni ada nzuri ikiwa mikono ni miepesi. Humtuliza, na humzoesha mama kuujua mwili wa mwanawe. Lakini kumvuta viungo, kumning'iniza kwa miguu, kumfinya utosi au kumfinyanga pua si malezi. Utosi ni mahali ambapo mifupa ya kichwa haijaungana, na kwa kawaida hufunga wenyewe kabla ya miezi 18. Hivyo hivyo kumfunga. Leso ifungwe kwa wasaa kiunoni na miguuni, magoti yaweze kukunjika na kupanuka. Kumnyoosha miguu na kuikaza pamoja kwa kitambaa kwaweza kuutoa mfupa wa paja katika nyonga, hasa katika miezi ya mwanzo. Mbeleko ya kale, ambayo mtoto humkumbatia mamake mgongoni kwa miguu iliyopanuka, ni salama zaidi kwa nyonga, mradi shingo ishakaza na uso haukufunikwa.

Mwezi wa nne hadi wa sita

Sasa mtoto huanza kujigeuza, na mikono yake huzinduka. Hii ndiyo miezi ya ajali za kitandani, kwa kuwa jana hakuweza kujiviringisha na leo aweza, bila ya kumpa mtu habari. Kwa hiyo mkeka ni salama kuliko kitanda kirefu, hata kwa dakika moja ya kwenda jikoni.

Mpe vitu vya kushika: kijiko cha mti, kikombe chepesi, kitambaa chenye fundo. Viwe visafi, visiwe na ncha wala rangi inayobambuka, na visiwe vidogo kiasi cha kuingia vyote kinywani. Weka kitu mbali kidogo na mkono wake, si mbali mno, umwache ahangaike. Mama mwenye huruma humkabidhi mtoto kila akitakacho, na kwa huruma hiyo humnyima zoezi. Kuhangaika kidogo, huku akichekewa na kutiwa moyo, ndiko kunakojenga bega na mgongo.

Mwezi wa sita hadi wa tisa

Mtoto hukaa, kwanza kwa kuegemea mikono yake mbele, kisha mgongo ukinyooka. Waweza kumkalisha kati ya miguu yako, au ukamzungushia mito kwa muda mfupi, ili aanguke pasipo kuumia. Kuanguka huko kwa upole ndiko kumfunzako mizani.

Hapa pia ndipo chakula kinapokuwa nguzo ya viungo. Maziwa ya mama peke yake yatosha kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji, bila uji. Baada ya hapo kunyonyesha kwaendelea, na Qurani Tukufu katika Suratul Baqarah, aya ya 233, imetaja miaka miwili; lakini sasa akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto yakaribia kwisha, naye ahitaji chakula cha kuirejesha. Mtoto aliyepungukiwa na damu huwa mlegevu, hachezi, hachangamki, na watu husema ni mpole. Uji mwepesi wa unga na sukari hujaza tumbo tu. Mpondee samaki aliyeondolewa miiba, maini kidogo, kiini cha yai, maharagwe au pojo, pamoja na mboga na matunda. Chai, hata ya maziwa, asipewe, kwani huzuia mwili kuyapokea madini hayo. Asali nayo isiguswe kabla ya kutimia mwaka, hata ya kuonjeshwa, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu viletavyo sumu ambayo huvilegeza viungo vya mtoto mchanga na hata kuizuia pumzi.

Tena kuna jua. Twaishi katika nchi ya jua tele, na bado wapo watoto wetu wanaopata matege ya ugonjwa kwa kukosa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ngozi inapoguswa na jua. Maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu cha vitamini hiyo, na mama ambaye mwenyewe hapati jua huwa na kidogo zaidi cha kumpa mwanawe. Mtoto akishinda ndani, naye akafunikwa kila atokapo, mifupa yake hubaki laini: vifundo vya mikono huvimba, miguu hupinda, na kutembea huchelewa. Mama naye aweza kulipata jua uani au juu ya dari pasipo kuonekana. Mpeleke mtoto nje asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi, kabla jua halijawa kali. Na muulize muuguzi wa kliniki kuhusu matone ya vitamini D, ambayo madaktari wengi wa watoto huyashauri kwa wanyonyao. Kujikunja kidogo kwa miguu ya mtoto mchanga ni kawaida na hunyooka kwenyewe. Kunakozidi, au kunakoandamana na uvimbe wa vifundo, kwataka daktari.

Dede, tata, na kigari cha magurudumu

Kuanzia mwezi wa nane au wa tisa, mtoto huvuta kiti, huvuta leso ya mamake, akasimama. Hapo ndipo kigari, ambacho wengi hukiita woka, kinaponunuliwa. Wauzaji husema humfunza mtoto kutembea. Hakimfunzi. Ndani yake mtoto huning'inia, akajisukuma kwa ncha za vidole. Hajibebi uzito, haioni miguu yake, wala hajifunzi kuanguka na kuinuka. Anachokipata ni mwendo unaoweza kupita mita moja kwa sekunde, kasi ambayo mtu mzima aliyeketi hawezi kuiwahi, na mwendo huo humpeleka kwenye ngazi, kwenye birika la chai na kwenye jiko la makaa. Nchi ya Kanada ilivipiga marufuku vigari hivi mwezi wa Aprili mwaka 2004: kuviuza, kuvitangaza na hata kuviingiza nchini.

Badala yake mpe mtoto kitu kizito kisichosogea cha kushikia, kama sanduku au kochi, na mpe miguu mitupu. Vidole vya miguu hukamata sakafu kama vya mkono, na viatu ni vya kumkinga njiani tu. Kumshika mikono miwili ni sawa, mradi mikono yake isivutwe juu ya kichwa; shika kiuno au kifua, ili mizani iwe yake mwenyewe.

Na kabla hajaanza kutambaa, wewe tambaa. Piga magoti, uzunguke chumba, utazame dunia kutoka pale atakapoiona yeye. Utaviona visivyoonekana na asimamaye: waya wa pasi, sarafu chini ya kabati, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, ndoo ya maji iliyojaa nusu. Mtoto wa umri huu aweza kuzama katika maji yasiyofika hata shubiri moja, wala hapigi kelele.

Mpaka wa kungoja

Sasa tulijibu swali la majirani: lini? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vipimo vilivyotokana na kuwafuatilia watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norwei, Marekani na Oman, ambako wengi wetu wana ndugu. Yalionekana mambo mawili. La kwanza, tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa mno, nao wote ni wazima. Walikaa bila kuegemezwa kuanzia karibu miezi minne hadi kupita tisa kidogo. Walisimama kwa kushikilia kati ya mwezi wa tano na wa kumi na moja na nusu. Walisimama peke yao kati ya mwezi wa saba na wa kumi na saba. Walitembea peke yao kati ya mwezi wa nane na wa kumi na saba na nusu. Wapo pia, karibu wanne katika kila mia, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti, wakapita moja kwa moja kwenye kutembea. Kwa hiyo, kumlinganisha mwanao na wa jirani aliyemtangulia kwa miezi mitatu ni kujitia huzuni bure.

Jambo la pili ni kwamba muda huo, japo ni mpana, una mwisho. Mtoto asiyekaa baada ya miezi tisa, au asiyetembea baada ya miezi 18, asingojwe tena. Kwa aliyezaliwa kabla ya siku zake, hesabu umri wake kwa kuondoa zile wiki alizotangulia: aliyezaliwa katika wiki ya 32, akiwa na miezi sita, hukadiriwa kama mwenye miezi minne hivi.

Tena kuna dalili ambazo hazingojewi mwisho wowote. Mtoto wa miezi minne ambaye kichwa chake bado chalegea kikaanguka nyuma. Mtoto aliyekakamaa kama ubao, miguu ikipishana kama mkasi, au aliyelegea kama kitambaa kilicholowa. Mtoto wa miezi minne ambaye ngumi zake hazifunguki. Mtoto atumiaye mkono mmoja tu kabla ya kutimia mwaka, maana wa kulia na wa kushoto kwa kawaida hawajulikani mapema hivyo. Mtoto aliyekuwa akifanya jambo, akaacha. Na aliyezaliwa na wayo uliopinda kuelekea ndani apelekwe katika wiki za mwanzo, kwani wakati huo mguu hunyooshwa polepole kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, mara nyingi bila upasuaji mkubwa. Manjano ya macho na ngozi yatokeayo katika saa 24 za mwanzo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Yakizidi bila tiba, huweza kuudhuru ubongo na kumwachia mtoto ulemavu wa viungo maisha yake yote.

Pa kuanzia ni kliniki, na chombo ni kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho kila mama wa Kenya hupewa. Wengi hukifungua siku ya chanjo tu, nacho kina chati ya uzito na orodha ya hatua za ukuaji. Mwambie muuguzi neno mahususi, kwa mfano, "Ana miezi saba, na shingo haijakaza," wala usiseme tu, "Hana raha." Omba upelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye hupatikana katika hospitali kubwa, ikiwemo hospitali kuu ya Pwani ambayo watu wa Mombasa waliizoea kwa jina la Makadara. Ubongo wa mtoto katika mwaka huu bado walainika na kujipanga. Mazoezi yaanzayo mwezi wa sita hupata njia ambazo mwaka wa tatu huenda zikawa zimefunga. Na chanjo zisirukwe. Ile ya polio hutolewa ili mtoto asije akapooza.

Yapo majumba ambamo mtoto aliyechelewa hufichwa chumba cha ndani, na mama akanyoshewa kidole: amepatwa na jicho, au amelipa kosa fulani. Mtindio wa ubongo, ambao ndio ugonjwa unaowachelewesha watoto wengi wa aina hii, hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au punde baada yake. Hautokani na fedheha ya mtu. Dua isomwe, nayo ni haki yake. Lakini isomwe njiani kuelekea hospitali. Na hata pale ambapo mtoto hatatembea kama wenzake, kuna tofauti kubwa kati ya aliyefunzwa kukaa, kula na kushika kwa mkono wake, na aliyeachwa amelala mpaka viungo vikakauka. Mtoto ni amana, na amana hailindwi kwa kufichwa.

Baba naye asijihesabu mgeni. Zile dakika 30 za sakafuni si lazima ziwe za mama, ambaye tangu alfajiri ana yake ya kufanya. Robo saa baada ya Magharibi, simu ikiwa imewekwa juu ya kabati, baba amelala mkekani na mwana juu ya kifua chake, ni malezi kamili, tena ni robo saa ya mama kupumzisha mgongo.

Wiki hii, basi, tufanye mambo mawili. Tutandike mkeka mahali palipofagiwa, tumweke mtoto juu yake, nasi tushuke tukae naye. Kisha tukitoe kile kijitabu kabatini, tutazame umri wa mwanetu na ukurasa unaomhusu. Aliye ndani ya muda wake tumwache aende kwa mwendo wake, majirani waseme wasemalo. Aliyepitwa na muda tumpeleke kliniki kesho asubuhi, majirani waseme wasemalo vile vile.

Juma lijalo, In shaa Allah, tutazungumza juu ya meno ya mwanzo na namna ya kuyatunza. Wabillahi Tawfiq.